Mnyororo Chini ya Mwarobaini

Mwarobaini ulio uani kwetu Bakuyu, karibu na Mto Tana, una kovu lililouzunguka shinani, kiasi cha futi moja kutoka chini. Gome la mahali pale halikuota tena sawasawa. Wageni walipouliza, mama alikuwa akiwajibu kwamba hapo palifungwa punda. Sisi hatujapata kuwa na punda. Aliyefungwa pale ni kaka yangu, kifunguamimba wa baba, na alikaa miaka minne.

Mnyororo ulinunuliwa Suuq Mugdi, soko lile la katikati ya mji wa Garissa ambalo vibanda vyake vimebanana hata mchana mtu huona giza, na ndiyo maana ya jina lake kwa Kisomali. Nilikuwa na miaka 13, na mimi ndiye niliyebeba kufuli njiani kurudi nyumbani. Lilikuwa jipya, limepakwa mafuta, likaniachia doa kwenye mtandio wa chuo ambalo halikutoka.

Baba hakuwa katili. Kila Ijumaa akishatoka msikitini aliketi mchangani mbele ya mwanawe, akafungua kufuli, akakikunjua kitambaa kilichozungushwa kifundoni ili chuma kisile nyama, akauosha mguu kwa maji ya uvuguvugu na kuupaka mafuta ya simsim, kisha akafunga kitambaa kingine kilichochanwa kutoka shuka kuukuu. Muda wote huo kaka alikuwa amemwekea mkono begani, kama mtu anayevishwa kiatu. Halafu mnyororo ukarudi. Ugonjwa ulipoanza, kaka alikuwa ametoka usiku mara tatu na kuteremka mtoni, na mto wetu una mamba. Mara ya tatu wavuvi walimkuta amesimama majini hadi kifuani. Jirani mmoja alipomlaumu baba, nilimsikia akijibu: "Nikimwachia nitamzika. Nikimfunga nitamwona."

Wote wawili wametangulia mbele ya haki, baba na mama, na siandiki ili niwafukue. Naandika kwa sababu nimekuwa mhudumu wa afya ya jamii na mkalimani hapa Garissa kwa miaka 18, nimeingia nyua nyingi, na nimeona miti mingine yenye kovu kama letu. Na pia kwa sababu ya swali nililomuuliza maalim wangu nikiwa bado mtoto, ambalo sijamaliza kulijibu.

Chuoni tulifundishwa kwamba kalamu ya amali imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Hawaandikiwi dhambi. Nilipotoka chuoni siku hiyo nilimkuta kaka chini ya mti, na kesho yake nikamuuliza: "Maalim, kama kaka haandikiwi kosa, mbona yeye ndiye aliyefungwa?" Maalim alikuwa mtu mwema. Hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, hilo ni kwa usalama wake." Nikamwambia kwamba alikuja mtabibu akampiga kaka fimbo nyayoni ili jini limtoke, na kwamba jini halikulia, aliyelia ni kaka. Maalim akainama akachora mchangani kwa kidole, hakusema kitu.

Jibu lilianza kunijia ukubwani, nalo lilitoka mahali nisipopatarajia, kwenye hesabu ya mbuzi. Kaka alikuwa na mbuzi wake, kama ilivyo kwa vijana wa huku. Walipofika 43, baba alimtoa mmoja zaka. Nilishangaa. Anatoaje zaka mtu asiyewajibika hata kusali? Baba akanieleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mali ya mwenda wazimu ina zaka, na walii wake, yaani msimamizi wake, ndiye anayeitoa kwa niaba yake. Wajibu haukufa akili ya kaka ilipoondoka. Ulihamia kwa walii.

Ninaamini hapo ndipo penye moyo wa jambo lote, kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu. Mtu akipotewa na akili huwa tunauliza amekosa nini, nani amemloga, ametafuna miraa kiasi gani, mama yake alikosana na nani. Tunamfanyia hesabu mtu ambaye Mungu ameshaifunga hesabu yake. Wanaoandikiwa ni sisi tulio na akili zetu: mzazi, jirani, imamu, padri, muuguzi, mwakilishi wa wadi, waziri wa afya wa kaunti. Sisi ndio mawalii.

Kazi yangu kubwa ni maneno. Watu husema Garissa ni mji wa Wasomali, na kweli wao ndio wengi. Lakini ukisimama kwenye foleni ya hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado huiita ya mkoa, utasikia Kisomali, na Kimunyoyaya chetu kilicho jamaa ya Kioromo, na Kiorma, Kipokomo, Kimalakote, Kikamba, Kimeru, Kijaluo. Kutoka Dadaab, mwendo wa kilomita 100 hivi, huja watu waliozaliwa na kuzaa katika kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera tangu zilipofunguliwa 1991 na 1992, na miongoni mwao wapo Waethiopia na Wasudani Kusini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti yetu. Fomu ya kuwauliza habari za roho zao ni moja, na imeandikwa kwa Kiingereza.

Fomu hiyo ina swali kama mgonjwa amekuwa na huzuni katika majuma mawili yaliyopita. Kisomali kina murug, huzuni inayolala moyoni kama jiwe kisimani. Kina welwel, wasiwasi usiokaa mahali pamoja. Kina buufis, hali ya mtu wa kambini ambaye roho yake imeshahamia Minneapolis na mwili umebaki Hagadera ukingoja barua ya kuhamishwa. Na kina waali, wazimu. Matatu ya kwanza mtu anaweza kuyasema mbele ya wakwe zake. La nne, likitamkwa, posa ya dada mdogo imevunjika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtafsiria mzee mmoja maneno "daktari wa akili" moja kwa moja, neno kwa neno. Alinyanyuka, akamshika binti yake mkono, wakaenda zao. Binti alikuwa na miaka 19, hali kitu, halali. Hawakurudi tena, na kosa lilikuwa langu.

Siku nyingine daktari kijana alimuuliza mzee wa Kiorma kama huwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mzee akasema ndiyo. Daktari akashika kalamu. Nikamwomba aiweke chini kidogo, nikamuuliza mzee ni sauti ya nani. "Ya mke wangu," alisema. "Huniamsha alfajiri nisali." Mke alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mzee alikuja hospitali kwa sababu ya goti.

Daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Alianza baada ya mgonjwa wake mmoja kujiua, ambaye hakurudi kliniki kwa sababu hakuwa na nauli. Akina bibi hawakutumia jina la kitabuni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Huu ndio ufundi ninaoutaka Garissa. Tuanze na neno ambalo mtu analijua, ndipo twende taratibu kuelekea asilolijua. Na nauli tuikumbuke, kwani atokaye Hulugho au Liboi haji mjini kwa miguu.

Nirudi kwa kaka. Aliyetufungulia njia ni muuguzi wa Kimeru aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba na matone ya chanjo ya polio. Aliingia uani, akawapa matone watoto wa shangazi, kisha akauona mguu. Hakupiga kelele wala hakumwita baba mshenzi. Alisema, "Mzee, naomba nimsalimie kijana." Akachuchumaa, akauliza jina, akamsalimia kwa jina. Kaka, ambaye kwa miezi hakuwa amemjibu mtu, alijibu: "Marahaba." Hilo ni jibu la mtu mzima kwa anayemwamkia. Baba alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko kitambo.

Baada ya majuma mawili tulipanda basi la Nairobi kwenda Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, baba, kaka na mimi, kwa kuwa kaka alifuata sauti yangu kuliko ya mwingine. Ni kilomita 370 hivi: unavuka daraja la Tana, unaipita Madogo, unakwenda Mwingi hadi Thika. Njia hiyo ina vizuizi, na katika vizuizi mtu wa huku huonyesha kitambulisho. Kaka hakuwa nacho. Katika kizuizi kimoja askari alimwamuru ashuke, akamuuliza jina. Kaka aliposikia ukali wa ile sauti alikunja mikono kifuani na kuanza kusoma Alfatiha, kwa sauti ya mtoto wa chuo aliyeitwa mbele ya wenzake. Askari alidhani anamdharau. Tulikalishwa juani kwa saa tatu. Baba alieleza, akaonyesha barua ya muuguzi, akaeleza tena. Kaka akajikojolea mbele ya basi zima.

Basi lilikuwa limejaa wanaume wa dini, wengi wao wakijua aya ambayo kaka alikuwa akiisoma. Aliyeshuka ni mwanamke wa Kikamba, mfanyabiashara wa maembe. Alikuwa amejitanda leso mbili. Alivua moja, akamfunga kaka kiunoni kama anavyofungwa mtoto, akamvuta kivulini ubavuni mwa basi, akasimama mbele yake hadi tulipoachiliwa. Mwingi alishuka. Baba alimfuata na leso mkononi, naye akamwambia, "Kaa nayo, baba, safari yenu bado."

Ipo habari iliyopokewa na Ibn Abbas, ambayo wengi wetu tumeisikia misikitini. Mwanamke mweusi alimjia Mtume akamwambia kwamba huanguka kifafa, na akianguka nguo humfunuka, basi amwombee. Mtume akamhiyarisha: akipenda asubiri, apate Pepo, akipenda, ataombewa apone. Alichagua kusubiri. Lakini akaongeza ombi moja, kwamba aombewe asiwe anafunuka, na Mtume akamwombea. Wahubiri husimulia habari hii kwa sababu ya subira. Mimi tangu siku ya basi nasikia ile sehemu ya pili. Mwanamke huyu alikuwa tayari kubaki na ugonjwa. Hakuwa tayari kuvunjiwa sitara. Wala hakuambiwa kwamba mwenye Pepo mbele yake hana haja ya kuhangaikia nguo.

Kwa hiyo nikiulizwa huduma ya afya ya akili ijengweje, naanzia kwenye sitara. Mlango wa kliniki usiwe na kibao kinachosomeka kutoka kituo cha tuktuk. Mwanamke aonane na mwanamke akitaka. Mkalimani asiwe mpwa wa mgonjwa, wala mtoto wa miaka kumi aliyetolewa shule ili amtafsirie mama yake mambo ya chumbani. Mkalimani awe ameapishwa, analipwa, na akivunja siri anafukuzwa. Watu huniambia haya ni madogo, tuanze na majengo. Majengo tumeyaona.

Mathari yenyewe ilifunguliwa 1910, na ilijengwa kwa ajili ya kuwatenga watu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mwenye afya yake na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Taifa zima, bara zima, likahesabiwa kuwa na upungufu wa akili, na aliyehesabu alikuwa na funguo mfukoni. Namtaja kwa sababu wazee wa huku wanaposema kwamba hospitali ya wazimu ni mahali pa serikali pa kumwekea mtu, hawasemi kwa ujinga. Wanakumbuka kitu.

Na serikali huku ina kumbukumbu zake. Mkoa wetu uliishi chini ya sheria ya hali ya hatari hadi 1991. Novemba 1980 askari walichoma mtaa wa Bulla Kartasi hapa mjini na kuwakusanya watu uwanjani. Februari 1984 yakawa mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote katika ripoti yake ya 2013. Ninamtembelea bibi mmoja ambaye kila Novemba hulala na viatu miguuni. Muuguzi mgeni alitaka apewe vidonge vya usingizi. Nikamuuliza bibi tangu lini. "Tangu nyumba zilipowaka," alisema. "Nilitoka pekupeku." Je, huyu ni mgonjwa? Nimelifikiria hili miaka mingi. Usingizi wake umeharibika, na dawa ingemsaidia kulala, nami sipingi. Lakini hofu yake haijakosea. Inakumbuka sawasawa jambo lililotokea. Nikimwambia kasoro iko kichwani mwake tu, nimewapa udhuru walioshika viberiti.

Alhamisi ya 2 Aprili 2015, alfajiri, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga Wakristo. Miili ilipelekwa Nairobi, Chiromo, na wazazi wakaenda kuitambua huko. Washauri nasaha walikuja na magari yao, walifanya kazi ya kheri, na manusura walifuatwa makwao kama ilivyostahili. Mji ulibaki. Ulibaki na waliosafisha mabweni, na madereva waliobeba miili, na Waislamu walioona aibu hata kulia hadharani wasije wakaonekana wanajitetea. Miezi tisa baadaye chuo kikafunguliwa tena, na sisi tukawa watu ambao hawajaulizwa.

Yule muuguzi wa Kimeru hakuondoka Garissa, hata wenzake wengi walipoomba uhamisho. Usiku mmoja, mwezi wa Mei mwaka ule, tukiwa zamu pamoja, alinisimulia habari za nabii Eliya. Alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtwae roho yake. Akalala. Malaika akamgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwambia ale tena kwa kuwa safari ni kubwa kumshinda.

Nilimwambia, "Dada, hiyo ni ya Maryamu." Katika Qurani, Maryamu alishikwa na uchungu wa uzazi kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya hapo na kusahaulika kabisa. Ikamjia sauti kutoka chini yake: asihuzunike, pana kijito cha maji, atikise mtende apate tende mbivu, ale, anywe, atulize macho yake. Kisha akaambiwa siku hiyo asiseme na mtu.

Tulikaa kimya, mimi na yeye, na taa ya wodi ikivuma. Nabii mmoja na mwanamke bora, kila mmoja chini ya mti, kila mmoja akitamani kufa, na mbinguni hakuna aliyewaambia imani yao ni haba. Walipewa maji, chakula na usingizi, na mmoja akaondolewa hata mzigo wa kujieleza. Mahubiri hayakutangulia. Nasi huku, mtu akisema amechoka na maisha, tunaanza na mahubiri. Sheria yetu ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha kijana aliyenusurika huku pingu ikiwa imemfunga kwenye chuma cha kitanda. Nilifikiria mwarobaini wetu.

Kuna watakaosema: lakini majini wapo, Qurani imewataja. Wapo, nami nawaamini. Lakini hakuna aya inayoniamuru nimpige mgonjwa nyayoni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha kutunza miili na nafsi pamoja. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu mtu anayoweza kuitaja, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Hakuona kwamba kumtibu mtu damu yake ni kumkana Mungu. Maalim wangu alifikia hapo mwenyewe. Kaka aliporudi kutoka Mathari, maalim alikuwa akija kila Jumatatu, anamsomea kwa upole, anampulizia maji, kisha anamuuliza, "Umemeza vidonge?" na haondoki mpaka avione vimemezwa. Huyo ndiye mtabibu ninayemtaka katika kila kituo cha ruqya, kisomo cha kutibu, cha mji huu: asiye na fimbo, anayekijua kifafa akikiona, na mwenye namba ya muuguzi katika simu yake.

Sitaki kusema kwamba dawa ilirudisha kila kitu. Mwaka wa pili kaka aliniambia, tukiwa tumekaa uani, "Dada, siku zile nilikuwa nasikia Qurani nzima kwa mara moja. Sasa nasikia mbuzi tu." Alisema bila hasira. Sikujua la kumjibu, na hata leo nasita. Wapo wanaomwona mtu kama yeye kuwa ni majdhubu, aliyevutwa na Mola wake, na kwao kumponya ni kumpokonya. Nililolishika ni hili: mamba hawakumjua kuwa ni majdhubu. Na alipokuwa mgonjwa hakuweza kuchagua. Alipopona alichagua kuendelea na sindano ya kila mwezi, akijua alichopoteza. Uchaguzi huo ni wake, na kwangu huo ni utu uliorudi.

Pesa zitoke wapi? Swali ni la haki. Afya imekuwa jukumu la kaunti tangu 2013, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inazipa kaunti wajibu wa huduma hii. Wadai wajibu huo wenye kura. Lakini dini yetu ina chombo cha zamani kuliko kaunti. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo mwaka 1284, ikawa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na akaiwekea wakfu ili imhudumie mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, mkaazi na mgeni. Garissa ina soko la mifugo miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki. Ngamia kadhaa, maduka mawili matatu katika mtaa wenye biashara, yawekwe wakfu kwa nauli za wagonjwa, kwa dawa pale zinapokwisha, na kwa mishahara ya wakalimani. Mkamba ahudumiwe humo, na Mluo, na mkimbizi asiye na karatasi. Mwaka 2012, baada ya makanisa mawili kushambuliwa hapa mjini tarehe 1 Julai na watu 17 kuuawa, viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao watashika zamu kuyalinda makanisa. Tuliojua kulinda milango ya wenzetu tunaweza kukaa nao jamvi moja, sheikh, padri, mchungaji na muuguzi, mara moja kwa mwezi, kila mmoja ataje ni nani amemwona mtaani kwake na nani ataenda kumsalimia kwa jina.

Kusalimiwa kwa jina. Sina hakika kama hilo linaingia katika bajeti, lakini kaka alianzia hapo.

Mficha maradhi kilio humfichua, na kwetu kilio kilikaribia kuja na maji. Mwishoni mwa Aprili 2024 Tana ilifurika, ikaingia Bakuyu usiku. Tulitoka na watoto, magodoro na Msahafu. Kaka alimbeba mgongoni jirani yetu, kikongwe, hadi barabarani, akarudi kumfuata mbuzi. Tuliporejea baada ya siku nyingi, alama ya matope kwenye mwarobaini ilikuwa juu ya kichwa changu. Kovu la mnyororo lilikuwa chini kabisa, karibu na mizizi.

Mvua za masika huanza Machi. Wewe uliye na mtu amefungwa uani, sikuhukumu, maana najua jinsi baba alivyoosha ule mguu. Fungua kufuli kabla mto haujajaa, kisha njoo utuite. Tutakuja nyumbani.